Jabali Nyuma ya Nyumba, Igogo

Lukonge hurudi saa moja asubuhi,
vidole vimekunjamana kwa barafu na maji ya sangara,
machoni bado anazo zile taa ndefu za kiwandani
zisizojua kupepesa. Usiku kucha zimemwambia:
mchana, mchana, mchana.
Sasa mchana wenyewe umefika
naye anataka nifunge dirisha.

Nalifunga. Natundika kitenge juu ya kitenge.
Naenda zangu Mwaloni kupepeta dagaa,
mimi Limi, niliyepewa jina la jua
kwa kuwa nilizaliwa adhuhuri, bila haya.

Jua hunianza taratibu, kama mgeni mwenye adabu:
kope, kisha shingo, kisha mgongo.
Ifikapo saa saba, mabati ya ghala yakialika ta! ta!,
jasho langu limeshatangulia,
limelowesha kanga, upepo wa ziwa unapita juu yake.
Joto hunikuta nimeshatandika mkeka.

Yeye humkuta amelala.
Mama Nyanjige wa chumba cha pili ndiye aliyeniambia:
aliweweseka, akimwagiza mtu asiyeonekana alete barafu,
ngozi kavu, ya moto kama pasi.
Jasho lilimjia saa kumi, kwa mkupuo,
kama mdaiwa aliyepigiwa hodi.

Usiku ule nililiegemea jabali la nyuma.
Saa tano, na bado lina moto.
Mchana hunywa nuru, usiku huirudisha,
kidogo kidogo, mpaka alfajiri lipoe.
Nikajiuliza: mume wangu hupoa saa ngapi?

Na dagaa ninaowapepeta,
si waliitwa na taa gizani
wakadhani kumekucha?

Jumapili sikutundika kitenge.
Nilimshika mkono tukapanda jabalini,
chupa ya chai, mihogo ya jana.
Aliketi akitokwa na machozi kwa mwanga.
"Unanichoma, Limi."
"Nakutajia saa tu."

Akanyamaza. Chini yetu Igogo yote inaamka,
mtu anapiga mswaki kibarazani, redio inakoroma,
ziwa limetulia kama sinia lililosuguliwa majivu.
Kesho jioni atavaa mabuti yake meupe,
na zile taa hazitaniuliza mimi.

Lakini saa tatu, kabla joto halijakaza,
tone moja lilichomoza juu ya mdomo wake.
Sikulifuta.