Nusu ya Muhuri

Maji yasiwe ya moto. Vuguvugu tu,
kama ya kumwogesha mtoto mwenye homa.
Bakuli la bati, lile la ua lililobanduka,
na stempu ishirini na moja zaelea kichalichali.
Ya bahasha nyekundu nimeitenga:
hutapika rangi, huwachafua wenzake.

Usivute. Mwenye kuvuta hubaki na kipande.
Ngoja gundi ichoke kushika,
karatasi itaachia yenyewe, polepole,
kama mgeni anayeaga mara tatu kabla hajasimama.

Saba ziligoma.
Maji yake yakageuka meupe, mazito,
na duara la muhuri wake lilikuwa limepinda kidogo,
nikadhani karani alitetemeka mkono.

Sugua mgongo kwa kidole. Ukihisi utelezi, bado.
Gundi iliyobaki haisahau kazi yake.

Julai imefunga madirisha yote ya Ngara.
Siku ya tatu hatujaona jua,
soksi za juzi bado mbichi kambani.
Sikuzilaza juu ya gazeti, maana habari huhama;
nimezilaza kwenye taulo kuukuu
na huko zinajikunja, kila moja ikijifanya mrija.
Kyalo alipita akasema, "Si upige pasi tu?"
Pasi!
Nilimwonyesha mlango.

Dawa ni uzito, na uzito ninao:
kitabu cha simu cha mwaka themanini na tatu,
kurasa na kurasa za watu
ambao namba zao haziiti tena.
Baba hayumo. Hatukuwa na simu,
ndiyo maana aliandika.
*Huku Garissa joto, visima vimegoma kutoa maji,
wasalimie watoto.*
Mama amesema barua nizichome,
stempu ni zangu.

Nainua moja kwa kibano, taratibu, kwa ukingo.
Imeondoka na nusu ya muhuri,
nusu nyingine imebaki kwenye bahasha.
Nazisogeza mezani zikutane:
huku NAK,
huku URU.
Nachukua ya pili. Ya tatu.
Zile saba zote.

Garissa na Nakuru haziko njia moja.

Nazipanga kati ya karatasi za kufyonza,
nafunika kwa kitabu cha simu,
juu yake nabandika sufuria ya maharagwe,
na juu ya sufuria, sijui kwa nini,
viganja vyangu viwili.

"Zimekauka?" Mama anauliza kutoka chumbani.
"Bado."
Kimya. Maji yanadondoka kwenye sinki.
"Zile za Nakuru zitachelewa," anasema.
"Niliwahi kuzilowesha, nyinyi mkiwa wadogo.
Nikazirudisha kwa uji."