Majina Mawili

Jumanne jioni, Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Naingia chumba mia mbili na nne kope zimeganda,
begi lina daftari na chapati mbili za jana.
Mwalimu Halldorson keshachora sanduku ubaoni,
na juu yake, kwa lugha yao, kaandika: kiatu.

Si kiatu hasa, asema.
Hiki hakina saizi. Hakina rangi. Hakivaliki.
Ni umbo tupu linalongoja kuitwa.

Kazi ya muhula: programu ya duka
linalokodisha viatu vya kutelezea
pale mito yao miwili inapokutana, imeganda.

Jomar, jirani yangu, ana miaka kumi na tisa,
vidole vyake mvua juu ya bati.
Anauliza kama nimeelewa.
Nimeelewa, mwanangu.
Nimekula vumbi la chaki miaka kumi na mmoja,
Singida, kidato cha pili B, kwa jambo hilihili.
Sisi tuliliita ngeli.
Ukishataja ki-, sentensi nzima inatii:
kiatu changu kile kikubwa kimechanika.
Kila neno limerithi,
hakuna lililoambiwa mara mbili.
Na mkaidi hakosekani: kiboko.
Jina lake ni Ki-Vi, halina ubishi,
lakini analala, anaamka, anapiga miayo
kwa a- ya watu na wanyama.
Sura karithi, mwenendo kaubadili.
Halldorson ana neno refu kwa tabia hiyo.
Mimi pembeni ya daftari niliandika *kiboko*,
nikacheka peke yangu.

Wiki ya sita nilikwama.

Niliumba kiatu: saizi saba, cheusi, hakijakodishwa.
Nikakiita a.
Nikataka cha pili, nikaandika: b ni sawa na a.
B nikaipa saizi kumi.
Nikachungulia a.
Kumi.
Nikafuta, nikarudia.
Kumi.
Mfagiaji akapita, akainua miguu yangu kwa ufagio
kama miguu ya meza.

"Hujaumba viatu viwili," mwalimu akasema, akivuta kiti.
"Umekipa kiatu kimoja majina mawili."

Sikumjibu.

Ghalani, zamu ya alfajiri, beji yangu inasema Zee.
Msimamizi alijaribu Zamaradi mara moja, akachoka.
Hajui kwetu zee ni nini,
hajui amenizeesha mbele za watu.
Zee anabeba maboksi. Zee hachelewi.
Zee anasema sawa, hakuna shida.
Nami nilidhani nimeumba mtu wa pili,
wa kumwacha mlangoni kila saa nane mchana
pamoja na buti zenye ncha za chuma.
Lakini Zee alipoteguka kifundo, Novemba,
ni Zamaradi aliyepanda ngazi akichechemea hadi ghorofa ya tatu.
Zee alipolimeza lile neno la msimamizi
ni mimi niliyewafokea wanangu
kwa sababu ya kijiko.

Kijiko kimoja. Kilichoanguka.

"Sasa nifanyeje?"
"Umba upya. Liite umbo, ulipe thamani zake lenyewe."

Kwa viatu ni mstari mmoja tu.
Nikauandika. A, saba. B, kumi.
Jomar akapiga meza kama mwamuzi kanipa bao,
tukagawana chapati.

Kituoni basi limechelewa.
Simu ikatetemeka mfukoni:
Zee, unaweza kuingia kesho saa kumi alfajiri?

Nikavua glovu kwa meno.
*Zamaradi hapa*, nikaandika,
kidole kikiniuma kama si changu,
*kesho siwezi, nina mtihani.*
Nikabonyeza,
na simu ikazimika kwa baridi
kabla sijajua kama umekwenda.