Nusu Saa Kabla ya Kula

Tumbo langu limekuwa ngumi.
Mahamri nimeyatazama mpaka yakapoa,
mbaazi zikavaa utando.
Usiku kiungulia hunipanda kooni
kama mgeni apandaye ngazi na viatu vyake.

Elfu thelathini na sita za chama
zilikwenda Mokowe kwa ndugu yangu Lali,
mtoto alikuwa apasuliwe. Wiki mbili, alisema.
Hii ya saba.
Alhamisi wanawake watafungua daftari.
Watasema: Mwanamize amezila.
Nimezila!
Mimi ambaye kijiko cha uji
hurudi na uji wake.

Shee Kombo wa duka la dawa, pale Langoni,
hakuniuliza habari za pesa.
Aliuliza: "Huuma ukiwa na njaa, au ukishiba?"
Kushiba nimekusahau, nikamwambia.
Akachora mfuko nyuma ya risiti, na bomba juu yake.
"Mwenye hofu, mwili wake hudhani anakimbizwa.
Akimbiaye hapikiwi.
Jiko huzimwa, asidi ikabaki inatafuna chungu.
Hiki hufunga bomba: kimoja asubuhi,
nusu saa kabla ya kula.
Hiki kidogo hulegeza msokoto."
Nikalipa kwa sarafu,
nikazihesabu mara mbili mbele yake, azione.
"Na cha kulipa deni?"
Akacheka kwa pua.
"Hicho hakijaletwa."

Siku ya kwanza, hola.
Ya pili ngumi ilifungua kidole kimoja.
Leo Jumatano nimekula mkate wa mofa
na samaki wa tui,
sahani nikaifuta kwa kidole,
kisha nikaona haya,
kwamba deni li palepale
na tumbo limelisahau mapema hivi.

Nilidhani maumivu ndiyo malipo.
Kumbe hayakupunguza hata shilingi.

Nikalivuta daftari. Kwa wino, si kwa penseli:
*Lali, 36,000. Nilitoa mimi, bila ya kuuliza.*
Mkono ulitetemeka kwenye sifuri ya mwisho,
ikawa kama yai.

Hodi.
Sauti ya Bi Somoe, mwenyekiti,
kaja siku moja kabla, na mkoba wake mweusi.

Karibu, Bi Somoe. Nawa.
Mofa bado ina moto.
La, kula kwanza.
Nina neno nawe,
na nikilitanguliza
hutakula.