Mfuko wa Kushoto

Simu tatu, mbebaji mmoja:
ya kifuani ni ya wateja wa mkopo,
ya mfuko wa kulia ni ya kutuma pesa,
ya kushoto imelala kinenani
kama kifaranga chini ya tetea,
inatetemeka hata isipopigwa.
Miaka tisa nauza yuniti hapa Essence,
chini ya mwavuli wa rangi ya ndizi,
na paja langu limejifunza
kuota mlio ambao haukulia.

Nsimire anauza sambaza soko la Kadutu.
Jioni anarudi na ziwa kwenye vidole,
na mama yangu anamhesabia miaka
kama mtu anayedai:
sita, anasema, sita,
ng'ombe tuliowatoa wana wajukuu kule Walungu.
Nsimire anachambua mchele.
Mchele hauna mawe, lakini anachambua.

Amekunywa mizizi. Amekunywa maji ya maombi.
Amelipa dola arobaini apigwe picha ya tumbo,
akaambiwa: mama, wewe hauna shida,
mwambie bwana naye aje.
Alinieleza akiwa amenipa mgongo,
akikwangua sufuria.

Nikaenda siku ya mvua, siku isiyo na wateja.
Wakanipa kikopo, na chumba
chenye mlango usiofungika vizuri.
Kijana wa maabara, Asifiwe,
akainamia hadubini
kwa muda wa kutafuna muwa.
"Papa, njoo uangalie."

Nikaona sambaza.
Sambaza wachache katika ziwa la mwanga,
wengine wamelala ubavu,
wengine wanazunguka palepale
kama mlevi anayetafuta mlango wake.
Mmoja tu alikata maji moja kwa moja,
nikajikuta namshangilia kimoyomoyo.

Daktari akauliza: bia? sigara?
matubwitubwi utotoni? homa ndefu?
Kisha akaangalia mifuko yangu.
"Simu unazilaza wapi?"
Nikazitoa moja moja juu ya meza,
kama msafiri kwenye kizuizi.
Akacheka, halafu akaacha kucheka.
"Kuna waliopima wakasema mawimbi yake
yanachosha mbegu.
Kuna waliopima wasione kitu.
Mimi sitakudanganya, sijui.
Lakini yai haliatamiwi juu ya jiko.
Ziondoe hapo. Haitakugharimu hata franka."

Matokeo yalikuja Jumanne, kwa ujumbe.
Kwenye simu ipi? Ya kushoto.
Mistari minne na tarakimu.
Nikausoma, nikaurudisha mfukoni.

Simu nilizihamisha, ndiyo.
Nilinunua kimkoba cha kuning'iniza begani,
wauza yuniti wenzangu wakaniita sista.
Ujumbe haukuhama.
Miezi mitatu nilitembea nao,
na hakuna mnara, si ule wa kilimani
wala mwingine wowote,
uliowahi kunichoma kama mistari ile minne.
Kila mama alipohesabu
paja tupu lilitetemeka.

Jumapili mama akasema saba.
Saba, kwa sauti ya mtu anayefunga daftari.
Nsimire akainuka kwenda kuchambua
mchele uliokwisha kuiva.

Nikamwekea mama simu mkononi.
Mama hajui kusoma. Aliigeuza,
akatafuta picha, hakuona picha.
Basi nikamwambia Nsimire: soma wewe. Kwa sauti.

Alisoma polepole, namba kwa namba,
kama anavyowatajia wateja bei
siku samaki wamepanda.
Jina langu lote. Tarehe.
Kisha akaisoma tarehe tena, akaniangalia.
Mvua ilikuwa inapiga mabati.
"Sikusikia vizuri," mama akasema. "Rudia."

Nsimire hakurudia.
Alizima simu, akaiweka kabatini,
karibu na chumvi, mbali na sisi sote,
akavuta sahani ya sambaza
akampakulia mama kwanza,
kisha, baada ya kukaa kidogo, mimi:
wachache, wakavu,
vichwa vyote vimeelekea upande mmoja.