Bafu la Pasua

Maboksi kumi na moja ya marumaru yako chini ya kitanda changu,
nyeupe, zenye mishipa ya kijivu,
na Fundi Aminieli, siku ya tatu sasa,
hajafungua hata moja.

Anagonga ukuta.
Kwa kifundo cha kidole, kisha kwa mpini wa mwiko,
sikio karibu, mdomo wazi kidogo,
kama daktari asiyetaka kusema mapema.
Ti, ti, ti. Hapa pazima.
Ti, ti, kisha: bwo.
Anachora duara kwa mkaa.
"Hapa pana hewa, mwalimu. Pamejitenga."
Kufika adhuhuri ukuta wangu una madoa kama chui.

Nikamwambia: Jumamosi ni kipaimara cha Eliaichi,
mawifi wanashuka kutoka Machame,
watataka kunawa, watataka kuona.
Bandika tu, fundi. Marumaru inaficha.
Akafuta mikono kwenye kaptula.
"Kuficha inaficha. Kushika ndiyo haishiki.
Marumaru ni mgeni, mwalimu. Mwenyeji ni ukuta.
Mwenyeji akianguka, mgeni ataegemea wapi?"

Mtaa wetu unaitwa Pasua,
na Jumatano jina hilo likaingia bafuni na nyundo.
Ikabanduka rangi ya mafuta, ya kijani,
chini yake buluu, ya mwaka tulipovuta maji,
chini yake krimu niliyokwisha kuisahau,
kisha lipu yenyewe, mapande kwa mapande,
tofali likabaki uchi mbele ya watu wasiolijua.

Lipu hiyo aliipiga Ndekirwa, mume wangu,
Jumapili tatu mfululizo, redio dirishani,
yeye karani wa bohari ya kahawa
ambaye mwiko aliuazima.
Mchanga hakuuchekecha. Saruji aliionea huruma.
Mwisho akapaka niru, akalainisha mpaka ikang'aa,
akaniita nije nijitazame.
Nilijiona, kweli. Miaka kumi na tisa nilijiona pale,
nikipiga mswaki,
na siku ya msiba wake, bomba nimelifungulia lote.

Aminieli ananyanyua kipande.
"Tazama mgongo wake ulivyo na vumbi.
Hakikuwahi kushikana na tofali.
Kilisimama kwa mazoea."

Sikumjibu. Nilikwenda kuchagua mchele.

Alhamisi akabandika kipande cha nailoni ukutani,
akaziba kingo zote nne.
"Kesho utaniambia kama ukuta unatoa jasho."
Usiku wa manane nikaamka na tochi.
Ndani ya nailoni, upande wa bomba, vitone.
Nikavihesabu: ishirini na tatu.
Nikarudi kulala na siri ya ukuta
kabla ya fundi wake.

Ijumaa kiungo cha bomba kikabadilishwa.
Chumvi ikasuguliwa kwa brashi ya waya,
tofali likanyweshwa maji kama mgonjwa, kidogo, kidogo tena,
uji wa saruji ukarushwa kwa fagio,
timazi ikaning'inia, ikatulia,
na lipu mpya ikapanda.
Kijana wake, Lesikar, akaanza kuilainisha.
"Acha! Ulaini ni wa macho," akamfokea, "ichane!
Marumaru inataka meno."
Akaichana kwa kipande cha msumeno mkuukuu,
mistari kama kichwa cha binti anayesukwa.

Mawifi walikuja. Walioga uani, nyuma ya mabati,
kwa ndoo ya maji yaliyotoka mlimani,
wakipiga kelele za baridi mpaka jirani akacheka.
Wifi Ndeanasia akachungulia bafuni:
"Hii ndiyo mliyotuitia?"
"Inakauka," nikasema.
Akaigusa kwa kiganja. Akakaa kidogo.
"Kaka yangu alikuwa na haraka," akasema,
akaenda kula.

Kifusi tumejazia shimo la getini.
Baadhi ya vipande vimelala kifudifudi, vingine niru juu,
na mvua ikinyesha vinang'aa bado.
Napita nikitazama ninapokanyaga.

Siku saba nyingine, amesema fundi.
Asubuhi naunyunyizia ukuta maji kama alivyoniagiza,
halafu, kwa kuwa hakuna anayeniona,
nagonga.
Ti.
Ti.
Ti.