Mitungi Mitatu

Mnunuzi kutoka Kampala ameketi kibarazani,
viatu vyake bado vina vumbi la Fort Portal,
anauliza bei kabla hajanusa.
Namwambia ngoja, bwana. Mvinyo huu una kwao.

Onja huu kwanza. Ni wa ukingoni,
kule juu Kasenda, ambako ardhi ilitapika zamani
na shimo lake likajaa maji, tukaliita ziwa.
Udongo wa kule ni jivu jeusi,
ukiupiga jembe unakohoa.
Mgomba haunenepi, upepo unayachana majani
yakabaki kama gauni la mtoto mkwea miti,
na ndizi zenyewe ni vidole vya kichanga.
Lakini zifukie shimoni siku nne, moshi uzitembelee,
zikamue kwa nyasi:
maji yake yanauma ulimi.
Huo ndio ukali unaoushangaa. Si ndimu.
Ni moto ambao haujasahau.

Huu wa pili ni wa mteremkoni, udongo mwekundu,
shamba la shangazi Kabasinguzi, mpaako wake Adyeeri,
aliyeonja udongo kabla ya kupanda:
punje kwenye ncha ya ulimi, anatema,
anasema, "Hapa kisubi. Hapa mahindi. Hapa msiguse."
Watu walicheka. Wakanywa, wakanyamaza.
Jua hulifikia shamba hilo kijiji kikiwa bado kinakoroma,
na alasiri kivuli cha Rwenzori hushuka mapema,
ndiyo maana utamu wake una adabu:
unaingia, unasalimu, unaketi.

Mnunuzi anaandika kitu kwenye simu.
Anasema wateja wa mjini wanataka ladha moja,
chupa ya Januari ifanane na ya Julai.
Namjibu, hata mapacha hawafanani kwa mama yao.

Mtungi wa tatu ni mdogo. Simjazii.
Kiasi cha upana wa kidole, basi.
Anakunywa. Anafumba macho.
"Na huu? Nitafutie madumu ishirini."

Huu ni wa bondeni, kando ya mafunjo,
udongo wa mfinyanzi, mzito,
unaokushika mguu kama mdai.
Migomba ya pale ilikunywa polepole,
na mvinyo wake ulikuwa na harufu ya mvua
inayokuja lakini haijafika.

Ulikuwa.

Mwaka juzi kaka yangu Rwabuhinga
aliliuza bonde kwa wafyatua matofali.
Alikuwa na ada za watoto. Simlaumu,
au namlaumu Jumapili tu.
Walichimba wiki kumi na moja.
Walipoondoka, palibaki dimbwi, vyura,
na visiki vya migomba vikielea.
Bonde letu sasa limesimama wima:
ni zahanati, ni duka la simu,
ni choo cha shule, upande wa wavulana.

Mnunuzi ananyamaza. Kisha, maana biashara ni biashara,
anauliza kama hakuna mfinyanzi kwingine.
Upo, namwambia. Tele.
Lakini ule ulilala chini ya kilima kile,
ulifunikwa ukungu wa ziwa lile,
ukapokea jivu la juu lililoshushwa na masika
na samadi ya ng'ombe wa shangazi, mmoja mmoja, kwa majina.
Huo utauagiza wapi?

Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu zahanati.
Mvua ya kwanza ikapiga ukuta usio na lipu,
nami nikasimama pale kama mlevi,
pua kwenye matofali.
Nesi akaniuliza mgonjwa ni nani kati yetu.

Anachukua madumu sita ya mteremkoni,
mawili ya jivu, kwa shingo upande.
Anahesabu noti, anazirudia,
anauliza tena bei ya ule wa tatu.

Namwomba anirudishie glasi.