Hata Sababu

Mama Mugoli kafika ofisini kabla ya mfagizi,
vumbi la Mpunguzi bado liko kwenye kope.
Mezani kaweka laki mbili na nusu,
zabibu za msimu mzima,
noti zimefungwa kwa uzi wa katani.

Kisha akamtaja jirani yake.

Kalamu ikasimama.
Miaka mitatu nyuma, kiti hichohicho,
huyo jirani aliniambia habari ya jiwe la mpaka,
usiku gani, hatua ngapi.
Hapa naishia.

"Mama, kesi hii siwezi kuipokea."
"Kwa nini?"

Kiapo kina miiba mahali usipotazamia:
hata sababu si yangu kuitoa.

Nikamwandikia majina ya mawakili wawili,
mmoja yuko Area C, mwingine nyuma ya soko la Majengo.
Fedha zake akazihesabu mbele yangu,
noti moja moja,
kama anayezipokea kwa mwizi.

"Kumbe na wewe wameshakununua."

Nikasikiliza kandambili zikishuka ngazi,
moja, mbili, tatu, nne,
nikaacha kuhesabu
kabla sijaifikia idadi ile.